Marahaba ya Mzee Abeli

Watu wa Mvumi walimjua Ruthu Ndahani kuwa mwalimu wa jiografia asiye na makuu: mwanamke wa miaka arobaini na minne, hajaolewa, anaishi peke yake katika nyumba aliyoachiwa na baba yake. Wasilolijua ni kwamba kila Jumapili, akitoka kanisani, alikaa barazani na simu yake akawa mtu mwingine. Mtu huyo alikuwa mwanamume wa miaka themanini na zaidi, na watu wengi ambao Ruthu hakuwahi kuwaona walimwamkia shikamoo.

Hakuipanga hali hiyo. Baba yake, Mzee Abeli, alipofushwa na trakoma, ugonjwa uliowala macho wazee wengi wa nchi ile ya vumbi. Alikuwa mpenzi wa siasa tangu ujana, na upofu ulimzidishia hamu. Ruthu akawa macho yake. Magazeti yalifika Mvumi yakiwa yamepoa, kwa hiyo alimsomea blogu moja iliyoitwa Chungu Kipya, iliyoanzishwa na mwanasheria wa Dodoma mjini, jina lake Erica. Humo wanamageuzi wa mikoa ya kati walijadili mambo ambayo kwingine yaliguswa juu juu: mashamba ya vijiji yanayogeuka viwanja kwa kuwa mji unakua, wasichana waliojifungua na haki yao ya kurudi darasani, pampu za maji zinazozinduliwa kwa ngoma na kufa kabla ya kiangazi.

"Andika," mzee alikuwa akisema. "Waambie Abeli wa Mvumi hakubali."

"Baba, uliyosema jana hawajamaliza kuyajibu."

"Andika tu, mwanangu. Mimi sina muda wa kuwangoja wamalize."

Wanachungu, maana ndivyo walivyojiita, walimpenda. Walikuwa wachache wakati ule. Kila aliyeingia alianza na shikamoo kwa Mzee Abeli, na mzee akisikia jina la kila mmoja aliitikia marahaba kwa sauti, pale pale kwenye kigoda chake, kana kwamba mtu amesimama mlangoni. Ndipo Ruthu akaiandika.

Mzee alifariki mwezi wa Machi. Baada ya matanga, wageni walipokwisha kuondoka na masufuria kurudishwa kwa wenyewe, Ruthu alifungua simu ili awape wanachungu taarifa. Akakuta salamu zimejaa. Shikamoo mzee, mbona kimya? Shikamoo babu, u mzima? Hakuna hata mmoja kati yao aliyejua kwamba amekufa. Nyumba nzima ilikuwa imenyamaza, ila humo ndani ya simu baba yake alikuwa bado anaamkiwa. Vidole vilizoea kazi yao. Viliandika: "Marahaba, wanangu. Nilikuwa na mgonjwa."

Neno dogo, lakini mtu akishaitikia marahaba amekubali ukubwa, na ukubwa hauvuliwi kesho yake kama shati. Jumapili iliyofuata aliitikia tena. Kisha akaanza kuandika ya kwake, kwa sauti ya baba yake, na akashangaa jinsi sauti ile ilivyomkaa vizuri. Yaliyokuwa yakimkwama kooni kwenye kikao cha walimu, Mzee Abeli aliyasema bila kupepesa.

Chungu Kipya kilikua. Viongozi waliokuwa wakiwaita wanachungu "watoto wa simu" walianza kuingia kimyakimya kuangalia wameandikwa nini. Ruthu alipoandika habari za pampu moja iliyozinduliwa mara tatu bila kutoa hata debe la maji, fundi alifika kijijini kabla wiki haijaisha. Mwezi mmoja baadaye, redio ilipokuwa ikiongea yenyewe katika chumba cha walimu, mbunge mmoja alisikika akisema, "Kama alivyoandika mzee wetu wa Mvumi, maji hayanyweki kwenye hotuba."

"Huyo mzee ana kichwa," alisema Mwalimu Salma, aliyehamia shuleni mwaka huo, akisahihisha madaftari. "Wewe si wa hapa hapa? Unamfahamu?"

"Kidogo," alijibu Ruthu, akainamia chai yake.

Siku hiyo alitembea kurudi nyumbani akiwa na furaha ambayo hakuwa na mtu wa kumpa.

Miaka mitatu ilipita hivyo, mpaka Erica alipoandika ujumbe. Wanachungu watakutana ana kwa ana kwa mara ya kwanza, Jumamosi, katika ukumbi mmoja wa Majengo, Dodoma mjini. Kuna barua inakwenda halmashauri kuhusu ardhi ya malisho ya vijiji vinne. "Mzee, sahihi ya kwanza tunataka iwe yako, na namba ya kitambulisho chako. Wakiliona jina lako hawataitupa kapuni."

Ruthu aliusoma ujumbe ule amesimama. Jina la marehemu likionekana juu ya barua ile, wanaoipinga watacheka mpaka wajishike mbavu, na vijiji vinne vitachekwa pamoja nayo. Na akisema ukweli, atapoteza watu pekee aliokuwa akizungumza nao. Mara tatu aliandika maelezo, mara tatu akayafuta. Habari ya msiba hupelekwa kwa miguu, ndivyo alivyolelewa. Jumamosi akavaa gauni lake la kanisani, akapanda basi la asubuhi.

Ukumbi ulikuwa nyuma ya maduka ya nafaka, na hewa yake ilikuwa na vumbi la mtama. Mbele paliwekwa kiti kimoja chenye mito, na juu ya mkono wake mgolole mweusi mpya, vazi la wazee, umekunjwa vizuri. Kiti hicho kilikuwa kitupu.

"Mbukwenyi!" Ruthu alisalimia kwa Kigogo, na waliokuwa karibu wakaitikia kwa shangwe.

"Karibu, dada. Unatoka wapi?" Aliyeuliza alikuwa Erica mwenyewe, mfupi kuliko maandishi yake.

"Mvumi. Naitwa Ruthu."

"Mvumi! Umemwacha wapi mzee?"

Kabla hajajibu, dereva wa bajaji aitwaye Abbasi, aliyezoeleka blogini kwa mizaha, alidakia: "Mwacheni dada apumue. Mzee anakuja na punda, si mnajua hapendi haraka."

"Wewe ukimwona utatambaa chini ya meza," alisema Parth, mwuza vifaa vya ujenzi. "Alikuambia bajaji yako ina kelele kuliko hoja zako."

Walicheka wote, na Ruthu akacheka, maana maneno yale aliyaandika yeye. Aliketi safu ya nyuma. Kando yake alikuwa mzee mwembamba aliyeshikilia kofia magotini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Bartolomayo mimi, wa Kolo, kule Kondoa. Nimelala mjini kwa mpwa wangu ili nisichelewe."

Ruthu aligeuka amtazame vizuri. Alilijua jina hilo. Kwa miaka mitatu na kitu halikukosekana Jumapili hata moja: Shikamoo Mzee Abeli, Bartolomayo hapa, Kolo kwema. Siku zote alimdhania mtu wa makamo. Na sasa mikono iliyokuwa juu ya kofia ile ilikuwa mikono ya mtu wa miaka sabini na zaidi.

"Umekuja kwa ajili ya barua?" aliuliza.

"Barua ni yenu vijana. Mimi nimemfuata mzee." Bartolomayo alikitazama kiti kitupu. "Nitakuambia jambo. Kaka yangu alipokufa, niliangalia kijiji kizima nikaona sina tena mtu wa kumwamkia. Kila nikipita ni marahaba, marahaba. Unachoka, mwanangu, kuwa wewe ndiye ukuta wa mwisho. Nilipompata huyu nikasema, Mungu kanirudishia mkubwa."

Ruthu alitaka kuinuka aondoke. Lakini mbele Erica alikuwa amekwisha kuifungua barua mezani, kalamu imewekwa juu yake, na macho ya watu yalikuwa mlangoni.

Akasimama. "Msimngojee," alisema. Sauti ilikuwa yake mwenyewe, nyembamba. "Mzee Abeli alikuwa baba yangu. Alifariki. Aliyekuwa akiwajibu ni mimi."

Nje mtu alikuwa akipakua magunia, na kila gunia lilisikika.

"Kwa hiyo tulikuwa tunamwamkia nani?" Abbasi aliuliza, na safari hii hakuwa akitania.

"Lile la pampu?" aliuliza Erica.

"La kwangu."

"Na la wasichana?"

"La kwangu pia."

Erica alimtazama kama anayelipanga upya faili lililoanguka. Kisha akamsogezea kalamu. "Basi saini. Jina lako."

Ruthu akaandika: Ruthu Abeli Ndahani. Watu walipita mmoja mmoja baada yake wakaweka sahihi, wengine wakimtupia neno la heri, wengine wakipita kimya. Parth alimpa mkono. Abbasi hakumpa.

Alipogeuka, Bartolomayo alikuwa amesimama nyuma yake. "Alikufa lini?"

"Machi. Miaka mitatu imepita."

Mzee alihesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza. "Kwa hiyo yeye mwenyewe nilimpata miezi mitano."

"Nisamehe, baba. Kila ulipomwamkia alikuitikia kwa sauti. Nilimsikia."

"Hiyo miezi mitano."

"Ndiyo. Hiyo mitano."

Bartolomayo alivaa kofia yake. Hakusema amesamehe wala hajasamehe; alisema basi la Kondoa halingoji. Mgolole ulibaki kwenye kiti mpaka Erica alipoufunga katika mfuko akamkabidhi Ruthu. "Mpelekee," alisema, bila kueleza ampelekee nani.

Jumapili Ruthu alikaa barazani, akafuta jina la baba yake na kuweka lake. Aliandika makala kuhusu ardhi ya malisho. Walioisoma walikuwa wengi kuliko siku zote, na walioijibu waliingia moja kwa moja kwenye hoja, kama watu wanavyozungumza na mwenzao. Hakuna aliyeamkia. Mwishoni akaandika yeye: "Shikamoo, Mzee Bartolomayo."

Jumatatu haikuwa na jibu. Jumanne haikuwa na jibu. Jumatano, wanafunzi wakiwa mtihanini, simu ilitikisika mfukoni. Alitoka hadi chini ya dirisha la darasa, akaisoma.

"Marahaba, mwanangu."

Hapakuwa na neno jingine; hata ile Kolo kwema haikuwepo. Ruthu aliisoma tena na tena, akamwona mzee yule huko Kolo, akipita njia zote za kijiji na hana tena mtu wa kumwanzia shikamoo. Akairudisha simu mfukoni, akaingia ndani kusimamia mtihani.