Orodha ya Safari za Mama Pasi

Mama Pasi hakuwahi kuiamini ile kadi ya treni. Tiketi ya karatasi ya zamani, kabla haijafutwa, ukishuka unaitupa, mambo yameisha. Kadi unaigusisha getini unapoingia, unaigusisha tena unapotoka, na mashine inakata nauli kwa vituo ulivyopita. Maana yake inajua ulikotoka na ulikokwenda. Siku moja alimwona mama mwenzake kwenye dirisha la tiketi akichapiwa safari zake zote, kituo kwa kituo, saa na dakika. Tangu hapo kila akiishika kadi, aliiogopa kama shahidi.

Mtu atauliza dobi aliyepiga pasi miaka ishirini na miwili, aliyeunguzwa na pasi mikono yote miwili, anaogopa nini. Anaogopa Alhamisi. Kila Alhamisi alimuaga mumewe kwamba anakwenda kituo cha tatu kununua sabuni kwa bei ya jumla. Sabuni alinunua kweli, lakini wakati wa kurudi. Kwanza alipitiliza hadi kituo cha tisa, kwa binti yao.

Binti huyo aliacha chuo cha uuguzi akiwa amebakiza muhula mmoja, akaolewa na fundi bomba bila kumwambia baba yake. Baba, fundi saa asiyesamehe hata dakika mbili, alisema neno moja tu: "Atakayekwenda kwa yule, asirudi kwangu." Miaka mitatu sasa. Mjukuu kazaliwa, babu hajamwona. Mimi ningemwambia akipike kiapo chake akile, lakini mimi sikuolewa naye.

Kosa lenyewe lilikuwa la kijinga. Alhamisi ile kituo cha tisa kilifurika watu, wakafungua mageti wazi, mtumishi akawa anapunga mkono watu wapite. Mama Pasi akapita akimuwaza mjukuu, hakugusisha kadi. Kurudi, mkwe wake akampeleka kwa gari la kazini. Kwa hiyo mashine ikahesabu kwamba mtu ameingia na hajatoka mpaka leo.

Jumanne fundi saa akaichukua kadi hiyohiyo, waliyoitumia wote wawili, aende mjini kununua betri za saa kama kawaida yake Jumanne nyingi. Geti likamkatalia. Akarudi nyumbani anafoka.

"Eti safari haijafungwa! Safari gani? Haya, twende dirishani, kadi ina jina lako."

"Mzee, achana nayo. Nitanunua nyingine."

"Niache haki yangu? Vaa viatu."

Njiani Mama Pasi alikuwa akipiga hesabu. Miaka thelathini ya ndoa, na leo hajui atalala wapi. Kwa dada yake? Na pasi zake, na nguo za wateja? Mara mbili alifungua kinywa aseme ukweli, mara mbili akaishia kuuliza kama mlango umefungwa. Mumewe alitembea mbele, hana habari kwamba kadi inaweka kumbukumbu. Alidhani karani atabonyeza kitu, basi.

Karani wa dirishani, binti mwenye miwani, aliipokea kadi. "Ngoja nione safari ipi haikufungwa." Mashine ndogo ikaanza kutoa karatasi, ikatoa, ikatoa.

"Hiyo ni nini?" fundi saa akauliza.

"Safari zenu za miezi mitatu, mzee. Zote."

Mama Pasi akamtazama mumewe, akashangaa. Midomo ilikuwa imemkauka. Mzee alinyoosha mkono upesi aichukue karatasi, lakini karani alimpa Mama Pasi, mwenye jina.

Macho yake yalikimbilia Alhamisi. Zote zilikuwepo, hakuna hata moja iliyosahauliwa. Halafu akaziona Jumanne. Kituo cha tisa, kutoka saa nne na dakika kumi. Kituo cha tisa, kuingia saa nne na dakika kumi na sita. Jumanne nyingine, dakika tano. Nyingine, dakika tisa. Zilikuwa Jumanne saba. Na kutoka getini pale hadi mlangoni kwa binti ni mwendo wa robo saa, kwenda tu.

"Umekuwa ukienda," alisema polepole.

"Sijafika." Fundi saa alikuwa anatazama sakafu. "Nikishatoka getini, miguu inakataa. Nageuka." Kisha akauliza kwa woga, "Na wewe?"

"Kila Alhamisi."

Alingoja kishindo. Hakikuja. Nyuma yao foleni ilianza kuguna, na karani akajifanya anapanga risiti.

"Mtoto anatembea?" fundi saa akauliza.

"Anakimbia."

Mwanamume yule alishika ukingo wa dirisha. "Nikienda akanifungia mlango, je?"

Alhamisi iliyopita tu binti yao alikuwa amemwambia Mama Pasi, huku akimlisha mtoto uji, kwamba jina la baba lisitajwe tena ndani ya nyumba yake. Hilo hakumwambia mumewe. Alikunja karatasi, akamwomba karani aifunge ile safari na ampe kadi ya pili, waende wote kituo cha tisa sasa hivi.