Matanga ya Karakana

Jumamosi nilikuwa nikifagia kaburi la mke wangu, kama kawaida, ufagio ukakwama. Saruji ilikuwa imepasuka toka kichwani hadi miguuni, na maji ya mvua yalikuwa yakiingia alipolala.

Nilikwenda mtaa wa Musonoi kwa fundi aliyelijenga mwaka jana. Karakana ilikuwa ileile na mwiko mkononi uleule. Kibao tu cha mlangoni kilikuwa kipya, chenye jina la kampuni.

"Pole, tata," alisema, akikipangusa kwa kiganja. "Ile kaburi ilijengwa na atelier yangu ya zamani, karakana ya jina langu. Haiko tena. Mi sasa niko gérant, msimamizi wa société."

"Na hiyo société?"

"Haikujenga kaburi ya mama. Ilikuwa bado kuzaliwa."

Wasomaji, hoja hiyo ni nzuri sana. Bahati mbaya sheria haina ucheshi: kazi uliyoifanya kwa jina lako inabaki juu yako, hata ukisajili kampuni kumi. Nilimweleza hivyo.

"Basi enda tribunali unishtaki, tata. Mi nitakungojea."

"Mvua haitaningojea."

Kesho yake asubuhi nilivaa suti nyeusi, nikabeba kiti cha plastiki, nikaketi mbele ya mlango wake kama tunavyoketi matangani. Wateja waliokuja kuagiza makaburi walivua kofia na kuniuliza taratibu nani amefariki.

"Atelier," niliwajibu. "Iliacha kaburi la mke wangu limepasuka, na haina mrithi."

Mteja wa pili aliposhika njia ya kurudi, société ilitoka yenyewe, mfuko wa saruji begani.