Walimwita Mama Nani

Mpaka leo nikinusa wanga uliopitiwa na pasi ya moto, narudi jikoni kwetu Toongabbie, huku ughaibuni, nina miaka kumi, nimevaa pazia shingoni.

Ndiyo, pazia. Shuleni kila mtoto alitakiwa avae kama mtu fulani wa kale na kusimulia maisha yake. Wenzangu wenye mbio waliwahi marubani na mabaharia. Mimi, ambaye hata sasa kunitoa nyumbani ni kazi ya watu wawili, nilikuwa nimejificha nyuma ya kabati la vitabu, nikaachiwa aliyekataliwa na wote: bibi mmoja tajiri wa Uswidi, wa karne ya kumi na saba. Jina lake sikuweza kulitamka wakati ule, na sasa nimelisahau.

Mama alikuwa ametoka zamu ya ghalani Ingleburn. Akakata pazia la wavu, akalitia wanga, akaanza kulipiga pasi mkunjo kwa mkunjo, liwe ile kola ya matajiri wa enzi hizo, pana kama sinia.

"Haya, nielezee maisha yake," alisema. "Na usinijibu Kizungu."

Nikamsimulia kwa Kiswahili changu cha kuchechemea: jumba la mawe, sahani za fedha, mashamba aliyoyasimamia mwenyewe mumewe akiwa vitani. Alizaa watoto kumi na wawili. Wanane wakafa.

Pasi ikapunguza mwendo.

"Ule mama, walikuwa wanamuita mama nani?"

Nikacheka. "Mama, Wazungu hawaitwi hivyo!"

"Watoto kumi na wawili, na hakuna wa kumpa jina? Wa kwanza alikuwa nani?"

"Karin," nikasema, ingawa katika kitabu cha shule hakuwemo Karin yeyote. "Alikufa mdogo."

"Na alipokufa? Waliendelea kumuita Mama Karin?"

Nilikuwa nimechoka, na katuni zilikuwa zinaanza. "Hapana. Walibadilisha, wakamwita kwa jina la aliyebaki. Aliyekufa si amekufa, Mama?"

Alisimama pale, pasi imetulia, mpaka moshi ukapanda.

"Hata yeye," alisema polepole. "Na mali yote ile."

Kisha akaingia bafuni, akafungua maji, na maji yakamwagika muda mrefu sana. Mimi nililia pia. Nililia kwa ajili ya kola. Kesho yake nilisimama mbele ya darasa na alama ya pasi kwenye kola, chini ya kidevu, bibi tajiri aliyenusurika moto.

Mwaka juzi tulimzika Mama. Kwenye matanga, mzee mmoja waliyekaa naye kambi ya wakimbizi aliingia akilia, "Mama Riziki! Mama Riziki weee!" Nikamshika mkono kwa adabu, nikamwambia amekosea msiba, huyu ni Mama Neema, na Neema ni mimi.

Akanitazama kwa huruma. "Riziki alikuwa dada yako, mwanangu."

Alikufa kwa homa njiani, wakikimbia vita, kabla sijazaliwa. Tulipopata safari ya kuja huku, Mama alimwomba kila mtu amwite kwa jina langu, nisije nikakua nikijiona wa pili. Wakamkubalia. Hakuna aliyemtaja Riziki tena.

Sijui niipeleke wapi jioni ile ya pasi. Kitabu hakikusema lolote kuhusu jina la mama yeyote. Nilikuwa nadanganya tu. Na kwa kuwa nilikuwa nadanganya, ningeweza kusema kwamba walimwita Mama Karin mpaka siku alipokufa. Uongo huo usingenichelewesha katuni hata dakika moja.