Mwadime Hayupo, kwa Mwadime Kupo

Vumbi la Voi halijabadilika harufu. Juzi niliposhuka stesheni mpya, ile iliyojengwa nje ya mji, upepo ulinitia hilo vumbi jekundu puani kabla sijafunga zipu ya mkoba. Nikapiga chafya, na kabla sijaimaliza nikasikia kijana wa bodaboda akiniita.

"Madam, twende. Unaenda town? Kwa Mwadime?"

Mwadime ni jina la baba yangu. Nilipanda pikipiki bila hata kuuliza nauli, na njia nzima nikawa mtoto wa darasa la nne tena, nimechanganyikiwa vilevile.

Lazima kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa kuamini maneno, na ni ugonjwa wa kuzaliwa nao. Mtu akinipigia simu kusema yuko njiani, mimi nateleka chai. Nimewahi kumwaga chai nyingi kwa ajili hiyo, na bado sijajifunza.

Nadhani nililelewa hivyo. Kule Ronge, mlimani, nilikokaa na nyanya mzaa baba, maneno yalikuwa na adabu. Ukiambiwa nenda kwa Mwakio, unapanda kilima, unabisha hodi, na Mwakio anatoka akitafuna muhogo. Siku akifa anazikwa hapo hapo nyuma ya nyumba, kwa hiyo hata akifa hajatoka kwake. Nyanya alikuwa na msemo wake wa kila siku, asiyekuwepo na lake halipo, na aliutumia hasa nikichelewa kucheza nikakuta sufuria imekwanguliwa. Sikuwahi kuona siku msemo huo ukikosea.

Nikimuuliza nyanya baba yuko wapi, jibu lilikuwa moja tu, kwamba yuko Voi. Kisha angeinuka kwenda kumwangalia ng'ombe, hata kama ng'ombe tumemwangalia sasa hivi. Mama naye alikuwa Voi, akifanya kazi hoteli. Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa rahisi: wazazi wangu wote wawili walikuwa Voi. Ambalo sikulielewa ni kwa nini Krismasi mama alipanda mlima peke yake, na kwa nini hakuwa akiniletea hata salamu za baba.

Nilipokaribia darasa la nne mama alikuja kunichukua. Tulifikia chumba kimoja kwenye nyumba za zamani za reli, zile za mawe zilizopangwa kwa mistari, kila mlango ukitazama mlango mwingine. Shule ilikuwa haijafunguliwa, basi mama alipotoka alfajiri kwenda hotelini kwake aliniacha kwa jirani, Mama Akinyi, mke wa mfanyakazi wa reli aliyetoka magharibi. Mama Akinyi alikuwa na sauti kubwa na moyo mkubwa kuliko sauti. Aliniita "mtoto ya Mama Wakesho", kwa kuwa Wakesho ndiye mimi.

Jamani, ule mtaa ulinichanganya. Upande mmoja wa ukuta walisema Kijaluo, upande wa pili Kikamba, adhana ilipita juu ya mabati ikakutana na ngoma za kanisa la kina mama, na harufu ya samaki wa kukaanga ilitangulia harufu ya mkate kila jioni. Mama Akinyi alisema kikombe hii. Bi Rukia, yule bibi wa Kiislamu aliyepika mahamri kibarazani kwake, alisema kikombe hiki. Mimi na Kidawida changu cha mlimani na Kiswahili cha darasani nilikaa katikati, nikiogopa kuomba kikombe chochote.

Siku moja Mama Akinyi alikuwa akifua uani, akaongea na mwenzake juu ya kitambaa cha sare ya kwaya. Nikamsikia akimwambia wakutane kwa Mwadime saa sita.

Moyo wangu uliruka. Nilikaa juu ya ndoo nikilizungusha lile neno kichwani. Kwa Mwadime. Kumbe baba ana kwake, tena karibu, na watu wanaenda kukutana huko, na mimi mwanawe nimekaa juu ya ndoo. Niliona wazi kwamba mama hajui. Angejua angekosaje kunipeleka? Nikaamua nitakwenda kumtafuta mwenyewe, kisha jioni nimletee mama habari. Mama Akinyi alipoinama kusuuza, nikatoka.

Kuuliza si ujinga, basi nilimuuliza Bi Rukia. Nilisimama mbele ya karai lake la mafuta, iliki ikinipanda puani, nikasema naomba njia ya kwa Mwadime.

"Wataka nini kwa Mwadime?"

"Namtafuta Mwadime."

Bi Rukia aligeuza mahamri yote karaini, moja moja, kabla ya kunitazama. Alinitazama sana, hasa kwenye paji la uso, ambalo watu husema ni la baba.

"Mwadime hayupo, mwanangu," alisema. "Ila kwa Mwadime kupo."

Sikuelewa chochote. Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo nilivyofundishwa, na hapa mtu mzima aliyeshika mwiko ananiambia kinyume chake. Nikafikiri labda ametoka kidogo, ameenda dukani, nami nikiharakisha nitamkuta akirudi. Bi Rukia akanielekeza: nipite Sinema, nikifika kwa Mhindi nikate kushoto, niende mpaka Mkwajuni, hapo nitaona watu.

Nilikwenda nikitafuta sinema. Nilipita kinu cha kusaga mahindi mara nne, nimejaa unga mpaka kwenye nyusi, kabla ya mtu kuniambia kwamba hicho kinu ndicho Sinema. Zamani, kabla hata mama hajaijua Voi, ukuta wake ulipakwa chokaa na watu wakakaa chini kutazama picha za Kihindi. Ukuta ukabaki, picha zikaenda zake. Kwa Mhindi nilimkuta mama mmoja wa Kikamba akipima misumari. Nilipomuuliza Mhindi yuko wapi alicheka, akasema Mhindi alihamia Mombasa kabla hata yeye hajaolewa. Mkwajuni hapakuwa na mkwaju. Palikuwa na nguzo ya umeme, na mbuzi amefungwa kwenye nguzo.

Nilianza kulia, tena kwa hasira, si kwa woga. Niliona mtaa mzima unasema uongo na hakuna anayeona haya. Kila mahali palikuwa pa mtu aliyekwisha kuondoka au kitu kilichokwisha kukatwa, na watu wakipita hapo kama kawaida, wakielewana vizuri kabisa.

Hatua chache mbele ya mbuzi niliona hao watu niliotajiwa. Palikuwa na kibanda cha mabati chenye benchi mbili. Wanaume walicheza drafti kwa vifuniko vya soda, kijana mmoja alikuwa akinyolewa chini ya mwavuli, na wanawake wawili walikula wima, mizigo ikiwa kichwani bado. Kwenye nguzo ya kibanda ilining'inia ringi ya baiskeli yenye kutu. Nilifuta machozi na unga, nikamuuliza mcheza drafti wa karibu kama hapa ni kwa Mwadime. Akasema ndiyo, bila kuinua macho.

Nikaingia. Nyuma ya sufuria la maharagwe, mikono ikiwa imejaa unga kama uso wangu, alikuwa mama akisukuma chapati.

Hiyo ndiyo ilikuwa hoteli yake. Mimi nilikuwa nimemjengea ghorofa akilini, yenye wazungu waliokuja kutazama ndovu, na mama amevaa aproni nyeupe. Lakini hilo halikuniuma. Lililoniuma ni kwamba nilizungusha macho kila pembe ya kile kibanda na baba hakuwamo.

"Baba yuko wapi?" nilimuuliza.

Mcheza drafti sasa aliinua macho. Mama hakunigombeza kwa kutoroka. Alipangusa mikono, akanipa chapati ya moto, akanikalisha nyuma ya kibanda juu ya gunia la makaa. Akaniambia kwamba baba alikuwa fundi wa baiskeli na hapa ndipo alipofanyia kazi. Alisafiri nikiwa bado nanyonya, akasema anakwenda kutafuta spea Mombasa, na hajarudi. Yeye akachukua ile sehemu akaanza kupika, kwa sababu watu walikuwa wamezoea kukutana hapo na mtu akikaa lazima ale.

Nilitafuna, nikafikiri, nikaona kuna kosa mahali.

"Mbona hawasemi kwa Mama Wakesho?"

"Nikibadilisha jina," mama alisema, "akirudi ataulizaje njia?"

Hapo ndipo nilipoelewa, au nilidhani nimeelewa. Baba alikuwa amepotea! Na nani asingepotea katika mtaa ule? Nilimwona wazi, yuko mahali pale pale nilipokuwa mimi asubuhi, anazunguka kinu akitafuta sinema, anatafuta mkwaju ambao ni nguzo ya umeme. Nilimhurumia sana. Na kwa kuwa mimi sasa nilikuwa naijua njia, nikajua pia kazi yangu.

Likizo ile nzima, na jioni nyingi baada ya shule kufunguliwa, nilisimama pale kinuni. Kila mwanamume mgeni aliyepita, hasa mwenye paji pana, nilimsogelea nikamwambia kwa Mwadime ni kule, ukifika kwa Mhindi kata kushoto. Wengi walinishukuru. Wengine kweli walikwenda, wakala chapati, wakamwambia mama ana binti mwenye adabu. Bi Rukia akipita na kapu lake alinipa hamri bila kuniuliza nafanya nini, na mimi nilidhani hajui.

Sikumbuki niliacha lini. Hakukuwa na siku ya kuacha. Nadhani nilipata marafiki, nikapata mchezo wa kamba, na baadaye nikapata akili. Mtu aliyechomeka nguzo ya kibanda kwa mikono yake hawezi kuuliza njia ya kwenda hapo. Baba aliijua njia. Aliijua siku zote, na mama alilijua hilo siku ile ile aliponijibu juu ya gunia la makaa. Jibu lile alilipika kama chapati, kwa kimo cha mtoto aliyekuwa mbele yake. Lilinitosha, na sikulala na njaa. Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza kama alikuwa akimngoja kweli. Alinishangaa. "Sikuwa nangoja, Wakesho," alisema. "Nilikuwa napika."

Mama tulimzika mwaka juzi kule Ronge, nyuma ya nyumba, kando ya nyanya. Kibanda siku hizi ni duka la vifaa vya simu. Haya yote yalinipitia kichwani huku pikipiki ikikata upepo, na tulipokipita kinu nikamwinamia yule kijana, Mjaluo wa kuzaliwa hapa hapa Voi kama alivyoniambia njiani, nikamuuliza huyo Mwadime ni nani.

"Mwadime? Si ni mama flani alikuwa anapika chapati hapo kona," alijibu. "Mimi sikumpata. Lakini mbuyu wangu, yaani babangu, husema chapo za Mwadime hazijawahi tokea tena Voi."

Mdawida yeyote angemwambia kwamba Mwadime ni jina la kiume. Na mimi, mnanijua sasa, ni mtu wa kutaka maneno yakae mahali pake. Nilifungua kinywa kumsahihisha, nikameza vumbi na macho yakanijaa machozi. Kisha nikamwambia ni kweli, chapati hizo mimi nilizila, na anishushe pale pale kwa Mwadime.