Nilikuwa Nazima

Mama Mkubwa, kama walivyomwita wenzake wa chumba cha kufulia hospitalini, alikuwa na miaka kumi na sita kwenye mashine ya kupiga pasi mashuka, na hakuwahi kuunguza hata foronya. Wifi yake, aliyefanya kazi chumba hicho hicho, ndiye aliyemtafutia nafasi hiyo.

Siku ya ajali, shuka lilinasa kwenye rola. Mama Mkubwa akazima mashine, wifi akainama, swichi ikiwa nyuma ya mgongo wake, akaingiza mkono kulivuta. Mara msimamizi akaingia mbio, anafoka kwamba wodi zinasubiri, akabonyeza swichi bila kutazama. Vidole vitatu vya wifi vikasagika.

"Andika maelezo," msimamizi alimwambia Mama Mkubwa kesho yake. "Kwa Kiingereza. Fomu ndivyo inavyotaka."

Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, alichofundishwa na bintiye wa sekondari huku wakimenya viazi. Alichokipenda zaidi ni ile "ing" ya mwishoni. Aliona inaipa sentensi heshima, kama kola kwenye shati. Akaandika kwa mwandiko wa kujivunia: "I was switching off the machine." Akatia saini.

Kikao kilipofanyika, mumewe aliitwa kwa kuwa ni kaka wa majeruhi. Binti naye akafuatana nao. Msimamizi akaisoma ile sentensi mara mbili, polepole.

"Hasemi aliizima. Anasema alikuwa anaizima. Maana yake mashine ilikuwa bado inazunguka. Au nakosea? Binti, wewe ndiye msomi, tusaidie."

Binti akaitazama karatasi hadi macho yakamjaa machozi. "Ni wakati uliopita, hali ya kuendelea," akasema. "Kitendo kilikuwa hakijaisha."

"Mwanangu, niliizima! Waambie nilitaka kusema niliizima!"

"Mama, hukuandika hivyo."

Kabla ya saa sita mchana alikuwa ameshavua aproni na kukabidhi ufunguo wa kabati. Mumewe alitangulia getini bila kugeuka nyuma.

Mama Mkubwa akapanda peke yake wodini. Wifi alikuwa amelala, mkono umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko, pembeni yake mfuko wa machungwa.

"Wifi yangu, nisikilize. Ile mashine niliizima. Aliyeiwasha ni..."

"Ni nani? Huyo aliyeniletea machungwa?" Wifi akageukia ukutani. "Yeye kanisomea ulichoandika mwenyewe. Toka, kabla sijamwita muuguzi."

Akatoka.