Marando Dirishani

Wenzangu, mimi nimefukuza wachumba wawili kwa mdomo huu na sikuona haya, lakini siku walipoletwa ng'ombe wa mahari ya mjukuu wangu Kabula, uso wangu sikujua niuweke wapi.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, maduka ya Bariadi yakajaa vitu, mwanangu akanitilia madirisha ya vioo na kuniletea kalenda yenye picha ya nyumba, maua yananing'inia kutoka kwenye masanduku ya madirishani. Nikayataka. Kabula akaleta vipandikizi vya ua la kutambaa kutoka misheni, nikamwuliza kama linaliwa, akasema hata mbuzi hawaligusi. Nikamwambia basi la kazi gani, nikapanda marando ya viazi vitamu (yanatambaa vilevile, yana ua la zambarau, na chini unachimba chakula). Sanduku la dirishani nikalitandika ndani vipande vya debe.

Siku yenyewe niliagiza ng'ombe wapitishwe mbele ya nyumba, wakwe waone maua. Wazee wetu walikuwa bado uani, waswagaji wako nyuma kwenye vumbi, niko dirishani peke yangu. Dume la mbele likaona marando, likavuta, sanduku chini, ng'ombe wakakurupuka, mtamba mmoja akakanyaga debe. Nikatoka mbio, nikaliburuta sanduku na kulificha jikoni. (Kupanda viazi kulikuwa ujinga. Kuficha kulikuwa woga.)

Wazee wakaja kukagua. Shemeji yangu akainama kwenye kwato.

"Huyu anachechemea. Mmetuletea kilema."

Mshenga wao, mzee wa kijiji cha Dutwa, akaapa kwamba mtamba alitoka kwao mzima. Maneno yakapanda mpaka wenzake wakaanza kuwageuza ng'ombe kuelekea barabarani. Kabula alikuwa mlangoni. Akalitazama dirisha, akanitazama mimi.

"Bibi," akasema polepole, "maua yako yako wapi?"

Nikaenda jikoni, nikalibeba lile sanduku, udongo unanimwagikia kwenye kitenge kipya, nikalitua mbele ya wote.

"Mpokeeni huyu mtamba. Ni debe langu limemkata."

Mshenga akaokota rando lililotafunwa, akaligeuzageuza.

"Mayu, mama yetu, kumbe unawaita ng'ombe chakulani, halafu unawakagua miguu."

Walicheka wote, hata shemeji.

Kabula aliolewa. Mtamba nilimkanda mguu mwenyewe kwa maji ya chumvi, nikamwita Dirisha, na uzao wake uko zizini mpaka leo. Dirishani kuna ua la misheni. Nalimwagilia kila asubuhi, na sijauliza tena kama linaliwa.