Shangazi Aliyefunikwa Nyasi

Penina Tluway wa Buger ameshika usukani miaka ishirini na miwili, na katika muda huo wote amevutwa mara mbili tu. Zote mwaka huu, zote na trekta moja, na mara zote mwenye trekta alipita sokoni Karatu taratibu kuliko ilivyohitajika, ili kila mtu aone.

Linalovutwa ni lori, bila shaka. Lakini dereva hukaa humo ndani, ameshika usukani usio na kazi, anatazama mbele kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Lori lenyewe ni jeupe, la tani tatu, la umeme. Kikundi cha wakulima wa vitunguu wa Mang'ola kilikabidhiwa lori hilo na mradi mmoja ili kilijaribu kwa msimu. Kuteremka nalo kutoka Karatu kwenda Mang'ola ni raha tupu: halingurumi, halitoi moshi, unasikia ndege. Kupanda na magunia ndiko kulikolishinda. Betri iliisha kabla ya mlima kuisha. Nguzo za umeme Mang'ola zipo, na siku moja Penina alilichomeka kwenye mashine ya kusaga. Mtaa mzima ukazimika, akina mama wakabaki na mahindi nusu unga, nusu punje. Hakurudia.

Ndipo alipokwenda kwa Felisiani, fundi wa kuchomelea pale Karatu, wakaunda tela. Lina paneli za jua kumi na mbili juu ya fremu ya chuma: sita katikati, na tatu kila upande zinazokunjuka kama mbawa za kuku anayejianika. Watu walidhani tela hilo litalisukuma lori kwa nyuma. Penina alichoka kuwaeleza kwamba likiwa mwendoni linachangia kidogo tu. Kazi yake kubwa ni kusimama. Lori linapakiwa mchana kutwa, tela limetandaza mbawa zake juani, na betri inajaa.

"Ni kama shangazi," aliwaambia mwishowe. "Anakuja kwenu, anakaa uani tangu asubuhi, hashiki jembe wala sufuria. Jioni mnashangaa mambo yote yamekwenda."

Jina likabaki hapo: Shangazi.

Edson, mwenyekiti wa kikundi, hakucheka. Alikuwa mtu wa dizeli. Mkutano mkuu ulipangwa Jumapili asubuhi kwenye uwanja wa magunia Karatu, naye alisema mbele ya wanachama wote: "Safari hii likifika uwanjani lenyewe, na mzigo, kabla mkutano haujafungwa, tunabaki nalo. Likivutwa tena, au lisipoonekana, Jumatatu linarudi kwa wenyewe. Na dada Penina tutamwona kwenye kazi nyingine."

Kazi ipi, hakusema. Penina alijua kwamba haipo. Kwa zaidi ya miaka ishirini aliendesha pikapu ya parokia, akisafirisha mapadri, mishumaa na saruji, na miaka yote hiyo aliwaomba wenye malori wamjaribu. Walimkaribisha chai. Lori hili lilikuwa la kwanza kumpa ufunguo.

Jumamosi hiyo alifika Mang'ola saa tatu asubuhi akiwa na asilimia arobaini na sita kwenye betri. Ili apande na mzigo alihitaji sabini. Jua la Mang'ola hutoa kiasi hicho bila kutoka jasho. Aliegesha pembeni mwa uwanja wa kupakia, akakunjua mbawa, akazifuta vumbi kwa upande wa khanga, akaenda kunywa chai kwa Nasha, mama lishe. Kutoka hapo alivuka mifereji kwenda mashambani kukagua magunia na wenye mali. Alirudi saa nane mchana.

Sasa, pale uwanjani yupo mzee Marseli. Alikuja kutoka Singida kijana, akitafuta kibarua cha msimu mmoja, na msimu huo sasa umefika mwaka wa thelathini. Kubeba wanabeba wengi; yeye sifa yake ni kufunika. Kitunguu kilichovunwa kikiachwa juani kinaungua upande, kinalainika, na mpaka kifike Arusha kinanuka. Kwa hiyo magunia ya Mang'ola hutandazwa nyasi, juu yake turubai, juu yake kamba. Hakuna anayefunika kama Marseli. Madereva wa Fuso humsubiri amalize kula.

"Binti," alisema Marseli, akija kumpokea Penina huku akijipangusa mikono, "mali yako isikutie wasiwasi. Nimeikuta inaungua."

Penina hakuona mbawa. Aliona kichuguu kikubwa, turubai la bluu lililokazwa kama ngozi ya ngoma, na mafundo manane.

"Mzee wangu, umefanya nini?"

"Nimefunika. Chini nyasi mbichi, nikazinyunyizia maji. Ingiza mkono, ushike kioo. Kimekuwa baridi kama mtungi."

Penina aliingiza mkono. Kilikuwa baridi kama mtungi. Alipanda ndani ya lori akatazama namba mbele ya usukani. Arobaini na sita.

"Tangu saa ngapi, mzee?"

"Tangu ulipoingia kwa Nasha. Ningeiachaje? Wewe ni mtu wa Buger, wa baridi, jua la huku hulijui."

Nasha alichungulia kutoka jikoni kwake, mwiko mkononi. "Mzee Marseli, hiyo inakula jua. Umemziba shangazi wa watu mdomo."

"Inakula jua?"

"Ndicho chakula chake. Hana kingine."

Marseli alitazama turubai, akatazama juu, akatazama tena turubai. "Na mimi nilikuwa najiuliza," alisema polepole, "mtu mwenye akili zake anaachaje vioo vizuri namna hii nje."

Kufungua kulichukua karibu nusu saa. Vijana watatu walishindwa na fundo la kwanza. "Hayo ni mafundo ya kufika Nairobi," Marseli aliwaambia, na ndani ya aibu yake palikuwa na kapunje ka fahari. Kisha zikaja ndoo za maji, maana nyasi zilikuwa zimeacha tope na utomvu. Hadi saa kumi na moja jioni, magunia yakiwa yameshapakiwa na jua limeshalala upande, betri ilikuwa hamsini na sita.

Wengine walimshauri alale, achaji asubuhi, aondoke kesho. Penina alipiga hesabu akaikataa. Akingoja jua la Jumapili huku chini, atafika Karatu mkutano umeshakwisha. "Saa za jua ni za kusimama," alisema. "Saa zisizo na jua ndizo za kutembea. Nitakwenda leo mpaka itakaponifikisha, kesho asubuhi Shangazi ale akiwa mlimani."

Marseli alishapanda, amekaa na turubai mapajani.

"Unakuja kufanya nini, mzee?"

"Kushuka."

"Kushuka?"

"Kwenye mlima. Mimi ni kilo sabini. Nikishuka, umepunguziwa."

"Usipopanda pia nitakuwa nimepunguziwa."

Marseli alifikiri. "Lakini hapo sitakuwa nimesaidia."

Penina aliuzungusha ufunguo. Wakaondoka.

Betri iliwafikisha kwenye boma la Nosim, mama wa Kimasai ambaye Penina humletea chumvi, ikiwa imebaki asilimia kumi na mbili. Mbele yao palikuwa na vilima ambavyo, kwa mahesabu ya Penina, vilitaka ishirini. Walilala humo humo ndani ya lori. Asubuhi mapema mbawa zilikuwa wazi, zimefutwa, zinasubiri.

Jua halikuja. Ukungu wa Ngorongoro ulikuwa umeteremka mpaka kwenye uzio wa boma, mweupe, mzito, hauna haraka. Saa moja, betri asilimia kumi na mbili. Saa mbili, kumi na mbili. Simu ikaita.

"Dada Penina, uko wapi?" Alikuwa Edson.

"Njiani, mwenyekiti."

"Umekwama?"

"Nimesimama."

"Tofauti yake?"

"Aliyekwama hajui ataondoka lini. Mimi najua. Jua likitoka."

Edson alikata simu kama mtu aliyeridhika. Marseli aliinua uso kuutazama ukungu. "Na huko juu aliyefunika ni nani?"

"Si wewe, mzee. Leo umesamehewa."

Saa tatu ukungu ulipasuka, na jua likaja lote kwa mara moja. Pamoja nalo wakaja mbuzi wa Nosim. Wakubwa walikitaka kivuli cha chini ya mbawa, na hao hawakuwa na neno. Vitoto ndivyo vilivyotaka kuona dunia kutokea juu ya paneli. Marseli alikata kijiti chenye majani akasimama zamu, akizunguka tela kama askari wa benki. "Shuka," alimwambia kimoja kwa upole. "Umekalia chakula cha mwenzako." Nosim alikaa kwenye kigoda akicheka mpaka shanga zikalia.

Saa tano kasoro robo, ishirini na moja.

"Inatosha?" Marseli aliuliza.

"Inatosha kama hatutabishana nayo."

Walipanda taratibu, mguu wa Penina ukiigusa pedali kama anayemwamsha mtoto. Kumi na tano. Kumi. Kwenye kilima cha mwisho kabla ya mji namba ilikuwa nne, na Marseli alifungua mlango akashuka bila kuambiwa. Lori lilipanda kwa mwendo wa punda mwenye mawazo. Marseli alitembea kando yake, kisha mbele yake, kisha akapotea kwenye kona.

Alifika uwanjani kabla ya lori, jasho likimtiririka. Wanachama walikuwa wamesimama, vichwa chini. Edson alikuwa ameshaanza sala ya kufunga mkutano, macho amefumba.

"Mwenyekiti," Marseli alisema kwa unyenyekevu kutoka nyuma, "tuwakumbuke na wasafiri."

Sala haikatai mtu. Edson aliwaombea wasafiri.

"Na wagonjwa," alisema Marseli.

Edson aliwaombea wagonjwa, sauti ikianza kukauka.

"Na wafiwa. Na mvua za vuli."

Lori la umeme halisikiki. Hakuna aliyefungua jicho. Edson alimaliza mvua, akavuta pumzi ya kusema amina, akahisi kivuli usoni. Alipofumbua macho, bampa jeupe lilikuwa hatua tatu mbele yake. Juu yake Penina alikuwa ameinamisha kichwa naye, mikono juu ya usukani, anaomba. Nyuma yake Shangazi alikuwa ametulia, kinyesi kimoja cha mbuzi kimekauka juu ya bawa. Namba ilisoma mbili.

Uwanja mzima ulimtazama mwenyekiti. Alikuwa hajasema amina, na kila mtu alijua kwamba hajasema.

"Amina," alisema Edson. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa neno lake, "Ufunguo ubaki kwa dada Penina."

Hadi leo anao. Marseli naye amepewa cheo ambacho hakimo kwenye katiba ya kikundi: mtunza Shangazi. Asubuhi anazifuta paneli kwa shati lake mwenyewe, mchana anafukuza mbuzi, kuku na watu wanaotaka kuanika nguo. Lakini jua likishazama, akidhani Penina hamwoni, anatoa turubai la bluu, anamfunika Shangazi, anafunga mafundo mawili tu, mepesi. Penina alipomuuliza sababu, alisema mwezi nao hana uhakika nao.